Siku Koo Mbili Zilipokuja Kutazama Damu ya Charity

Hebu mwone Charity akishuka kwenye boda mbele ya lango lake la mabati, pale mtaa wa Hai Malakal, mjini Juba. Usimharakishe, ni mja mzito. Kwapani amebana beseni tupu, maana kisra, mikate yake myembamba ya mtama, yote imenunuliwa kabla jua halijakaza, na mdomoni ana wimbo wa kwaya. Mguu mmoja ushagusa chini, wa pili ungali juu ya boda, mara wimbo unakatika. Ua wake umejaa viti vya plastiki, vile vya kanisani. Na kwenye rakuba, kibanda cha nyasi anakopikia, amefungwa mbuzi, anatafuna kamba yake kwa raha zake.

"Mukasa," akamwuliza dereva wa boda, Mganda aliyemzoea, "kwangu kuna msiba?"

Mukasa akanyoosha shingo. "Msiba hapana, Mama Kisakye. Mimi naona mbuzi. Kama ni harusi, mimi iko hapa nje, mniite."

Mama mkwe akatoka ndani, kitambaa kipya kichwani. Ni Mama Yangi huyo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. "Karibu, mwanangu! Weka beseni, kaa, usishike kitu. Leo ni siku ya damu yako."

Charity akakaa, beseni lingali kwapani.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, usije ukadhani watu hawa wana wazimu. Charity alikulia ukimbizini Uganda, akaolewa hukohuko na Robinson, kijana wa kwao, fundi wa jenereta. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Kampala, kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Olivia, ndiye aliyempokea na kumpa jina: Kisakye, yaani neema ya Mungu kwa Kiganda. Neema hiyo, waliyorudi nayo Juba, leo ni binti wa miaka tisa. Maneno yake ni machache. Akifurahi hupunga viganja kama anayekausha maji. Kelele zikizidi huziba masikio, na kisra hali mpaka ikunjwe mara nne, tena pembe zilingane. Ni usonji, lakini wazazi walichelewa sana kulijua jina hilo. Kwanza walimpitisha kwenye maombi, kwenye mizizi, na kwenye moshi wa kila aina.

Mimba ya pili ilipokuja, Robert, mdogo wake Robinson anayefanya kazi maabara Kampala, akapiga simu. Alimpenda Kisakye kama mboni ya jicho, usimchukie. "Shemeji," alisema, "siku hizi kuna kipimo. Katika damu ya mama huwa mna chembechembe za mtoto. Tunaituma ng'ambo, wanatazama urithi, wanalinganisha na damu ya baba. Haikuambii moja kwa moja kwamba mtoto ana usonji. Inakuambia kama lipo badiliko fulani ambalo mara nyingine huandamana nao."

Charity akajibu, "Ukija Juba tutazungumza." Robert akasikia ndiyo. Robinson naye akasikia ndiyo. Mama Yangi alipoelezwa, akili yake ilishika mambo mawili tu: urithi, na damu ya pande zote mbili. Kwa watu wake hilo lina utaratibu. Kabla mahari haijavuka, koo mbili huketi na kuulizana: nyumba yenu ina nini? Kuna ugonjwa? Kuna mwizi? Kuna mchawi? Na swali la damu likifunguliwa tena baadaye, upande mmoja haulifungui peke yake. Basi Mama Yangi akafanya lililo sawa: akaazima viti, akanunua mbuzi, akaita watu.

Wakaja. Kutoka mtaa wa Juba Na Bari akaja mjomba wa Charity, mzee Romano, fimbo mkononi, na shangazi wawili nyuma yake. Upande wa Robinson wakaja wazee wenye suti za Jumapili. Mwisho akaingia Robert, amebeba kisanduku cha barafu na glavu, akasimama langoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mama, hawa ni nani?"

"Mashahidi."

"Mama, kipimo ni siri ya mgonjwa na daktari!"

"Siri? Huyu tulimwoa mchana, watu wakitazama. Leo damu yake uichukue gizani kama mwizi wa kuku?"

Watu wakacheka. Mzee Romano hakucheka. Aligonga fimbo chini. "Mwanangu Robert, nijibu. Karatasi ikirudi ikasema jambo hili limetoka kwetu, mtatudai ng'ombe wenu wa mahari?"

"Mzee, hili si jambo la ng'ombe."

"Kila jambo ni la ng'ombe, kijana, mpaka lithibitike kuwa la mbuzi."

Hapo Charity aliinamisha uso. Ndilo alilokuwa akiliogopa: karatasi ije imtaje yeye, halafu iongezewe mdomo, na tumbo lake ligeuke kesi. Tena, chini ya woga huo kulikuwa na mwingine ambao hakuwa amemwambia mtu: je, karatasi hiyo ingesema nini juu ya Kisakye, aliyekuwa ameketi miguuni pake akinyoosha pindo la gauni la mama?

"Basi tuulizane kama zamani," akasema Mama Yangi. "Nyumba yenu ina nini?"

Romano akakohoa. "Kwetu alikuwako dada yangu mkubwa. Hakutazama mtu usoni mpaka anakufa. Na ukikihamisha chungu chake, analala nje mpaka ukirudishe."

"Hicho ni kidogo!" Mama Yangi akapiga paja. "Baba mkwe wangu mimi alikuwa na njia moja tu ya kwenda shambani. Mti ukaanguka njiani. Unadhani aliuzunguka? Alirudi nyumbani kungoja uoze!"

"Na binamu yenu yule," akadakia shangazi mmoja wa Charity, "aliyesalimia kuku kabla ya watu?"

"Kuku walimjibu vizuri kuliko wewe!" akarudisha Mama Yangi.

Ilikuwa kama mnada. Upande huu ukitaja mmoja, ule unataja wawili, wazee wanafuta machozi kwa ncha za tai. Romano, aliyekuja kuutetea ukoo, akawa ndiye anayeumwaga wote uani, tena kwa fahari. Charity akainua uso. Kwa hiyo binti yake alikuwa na ndugu wengi hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia!

Kicheko kilipozidi Kisakye akaziba masikio. Robinson akaliona hilo, akasimama.

"Mnacheka. Mimi nimeshindwa kucheka," akasema polepole. "Huyu mtoto tulimfukiza moshi miaka na miaka, akilia, mimi nimemshika. Mimi, baba yake. Nataka kujua mapema ili nisimshike mwingine hivyo."

Wazee wakashusha tai zao. Hata mbuzi akaacha kutafuna.

Charity alimtazama mumewe kwa huruma, kisha akamgeukia Robert. "Shemeji, karatasi ikisema badiliko lipo, mtoto aliye tumboni utampa nini?"

"Dawa hakuna, shemeji. Sitakudanganya."

"Wenye majibu kama hayo huko nje hufanya nini?"

"Wengine hujiandaa."

"Na wengine?"

Robert akatazama kisanduku chake. "Wengine hawaendelei na mimba."

Mama Yangi akageuka na kiti kizima. "Robert! Hilo hukuniambia."

"Mama, hukuniuliza. Ulikuwa unatafuta viti."

"Baba Kisakye," akasema Charity, na sauti yake ilikuwa tulivu, "hatukumfukiza kwa sababu damu haikupimwa. Tulimfukiza kwa sababu tuliona aibu, na aibu haitoki kwa sindano. Huyu akizaliwa nitamwangalia tangu siku ya kwanza. Akiwa kama dada yake, njia tunaijua, tulishapotea humo mpaka tukaizoea. Damu sitoi."

"Na kama kungoja kunanitisha?"

"Hata mimi kunanitisha. Tungoje wote."

Robinson akakaa. Hakusema ndiyo, lakini alivuta kiti chake karibu na cha mkewe, na Charity aliyemjua aliona inatosha.

Mzee Romano akagonga fimbo. "Sasa mbuzi? Naye tumwache angoje?"

Mchana huo Robert alizivaa glavu zake. Zilimsaidia sana kuchuna mbuzi, na wazee walimsifu kwamba kijana huyu kweli amesoma. Mukasa akaitwa, akala kwa niaba ya Uganda nzima. Koo zikapeana mikono, kila upande ukiapa kwamba wenye vituko wengi ni wa kwake.

Wageni walipokwisha ondoka, Charity alibaki akiosha sahani, miguu imechoka, moyo mwepesi. Robinson alikuwa akizisuuza. Mara akaacha sahani moja inachuruzika mkononi.

"Mama Kisakye. Kama wangetuletea kisanduku kile kulekule Kampala, Kisakye akiwa tumboni, hata sura yake hatuijui. Ungejibu kama ulivyojibu leo?"

Charity alisugua tena sahani iliyokwisha takata. Aliyejibu leo ni mama aliyemlea Kisakye miaka tisa. Yule wa Kampala alikuwa msichana mkimbizi, mwenye woga, ambaye hakuwa na mtu wa kumwambia habari za wale ndugu wote. Hakuweza kumsemea.

"Nipe sahani hiyo," akamwambia mumewe, akatabasamu.

Na wewe uliyekaa nami mpaka hapa: msichana yule wa Kampala, asiyemjua bado mtoto wake, wewe ungependa apewe karatasi ile aisome, au aachwe kwanza amwone binti?