Kichwa ni cha Mwenye Nyumba

Dada yangu alipiga simu Ijumaa akasema atapanda basi la usiku kesho yake, na Jumapili kabla ya chakula cha mchana atakuwa mtaani kwetu Huruma. Hakusema anakuja kutusalimu. Alisema anakuja na mfuko.

Nilijua mfuko huo ni wa nguo za mama. Majuma machache nyuma, mama alikwamwa na mwiba wa samaki mbele ya macho yangu. Alishika koo kwa mikono miwili, macho yakamtoka, nami nikawa nampiga mgongoni huku nikimmezesha matonge makavu ya ugali, maana ndivyo tulivyofanyiwa sisi utotoni. Mwiba ulishuka. Kwenye kliniki daktari alimulika kooni, akanikemea kwa ajili ya ule ugali, akasema mama yuko salama ila ale vitu laini kwa muda. Lakini habari ilifika magharibi, anakoishi dada, kabla koo halijapona, tena ilifika ikiwa imenenepa: mama alikuwa karibu afe mikononi mwa yule kijana asiyekaa mahali. Kijana ni mimi. Nimepita arobaini.

"Atakuja kukaa kwangu," dada alisema kwenye simu. "Huku kuna hewa, kuna watu wa kumwangalia. Hiyo nyumba tutairudisha kwa mwenye ploti."

Nilimfikishia mama ujumbe. Alikuwa anachambua mboga za managu kwenye ungo, na hakuinua macho.

"Mwambie nyumba hii bado ina mwenyewe."

Nilimwambia. Dada akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mwenyewe huyo anapikiwa na nani? Na wewe? Mpaka lini, msafiri?"

Nilikuwa na Jumapili tu. Kama ningeweka mezani samaki mzuri, mama akala akashiba bila hata kukohoa, labda dada angerudi na mfuko wake mtupu. Nikishindwa, mama angeondoka naye. Mtu angeniambia nipike kuku, lakini dada amekulia humu humu. Akikosa samaki mezani angejua tumeanza kuogopa samaki, na hapo ningekuwa nimeshindwa kabla hatujanawa mikono.

Nyumba ya mama ni vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu. Waliingia humo yeye na baba, siku hizo wote wakifanya kazi mtaa wa viwanda wa Baba Dogo, baba kwenye kiwanda cha vyuma na mama kwenye kiwanda cha nyuzi, wakienda na kurudi kwa miguu. Baba alikufa, sisi tukatawanyika, mama akabaki. Niliporudi safari hii sikulala kwake. Kwetu mwanamume mzima halali nyumba moja na mamake, hata kama nyumba yenyewe iko juu ya saluni na duka la simu. Nilipanga chumba upande wa pili wa korido. Asubuhi navuka na sufuria, jioni navuka na sufuria. Majirani walicheka mwanzoni, sasa wamezoea.

Kupika samaki nimejifunza njiani. Lodwar nilikula samaki mkavu aliyelowekwa kisha akachemshwa na nyanya mpaka mchuzi ukawa mzito. Malindi, nilipokuwa nabeba mizigo kwenye ghala, mwanamke aliyetupikia alinionyesha namna ya kukamua tui zito na jepesi, na lipi litangulie. Lakini huko kote nilichokitamani ni mgongo wazi wa Huruma: mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, kichwa na mkia vikiwa bado vimeshikana, ikakaangwa kwenye karai kando ya barabara mpaka mapezi yakavunjika kama kaukau za viazi. Mama aliinunua kila Jumamosi, akaipika tena na kitunguu na nyanya, nasi tukaunyonya kila mfupa mpaka ukawa mweupe. Hakuna aliyekwamwa. Au tulikwamwa na nimesahau; kumbukumbu zangu huwa zimetolewa miiba.

Jumamosi asubuhi nilikwenda soko la Gikomba kununua samaki aina ya ngege. Mama muuza samaki ninayenunua kwake alinitazama nikifungua mashavu ya samaki mmoja baada ya mwingine nione kama ni mekundu, nikibonyeza tumbo, nikinusa.

"Kastoma, unanunua samaki ama unamwoa?"

"Nina mgeni."

"Mkwe?"

"Dada yangu."

"Ai! Basi chukua huyu mkubwa. Dada ni mbaya kuliko mkwe. Mkwe hukusengenya akifika kwake. Dada atakwambia hapo hapo mezani."

Alipomaliza kutoa magamba alitaka kuwachanja mbavuni, kama kawaida ya samaki wa kukaanga. Nikamwambia atoe minofu peke yake na mifupa aitupe. Kisu chake kikasimama hewani.

"Na vichwa?"

"Kata."

"Kwani wewe ni wa wapi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua fika mimi ni wa wapi. Kisha akakata, akavifunga vichwa kando kwenye gazeti, akanisukumia. Nilidhani ananitania.

Jumapili nilianza mapema. Nilitia minofu kwenye beseni pale koridoni penye mwanga, nikawa napitisha vidole juu ya kila kipande, polepole, nikitafuta mwiba. Niliupata mmoja, mwembamba kama unywele. Kama ule ulibaki, ni mingapi mingine vidole vyangu vimeipita? Nikaanza upya kipande cha kwanza.

Jirani wa mlango wa pili alitoka na ndoo yake. Ni mama wa Machakos, mumewe ni dereva wa lori. Gazeti lilikuwa limefunguka, na alipoviona vile vichwa akaruka nyuma.

"Jirani! Hawa wananiangalia!"

"Wachukue. Chemsha na tangawizi, nyanya, limau na chumvi. Hakuna kazi yoyote. Mzee wako atakushukuru."

"Sisi kwetu samaki tulimwona kwenye kitabu cha shule." Lakini alivichukua, mkono ukiwa umenyooka mbali na mwili kama aliyebeba nyoka. Nilifurahi kuviona vinaondoka. Sikutaka mfupa hata mmoja ndani ya nyumba siku hiyo.

Minofu niliipaka chumvi, kitunguu saumu na limau, nikaiacha inywe. Nikaiunguza juu juu kwenye mafuta machache, nikaitoa. Kwenye mafuta hayo hayo nikaweka kitunguu, hoho na nyanya, kijiko cha binzari, kisha tui jepesi. Mchuzi uliposhika nikairudisha minofu, nikapunguza moto, nikamalizia na tui zito na dhania. Ni chakula rahisi kuliko vyote ninavyovijua, na harufu yake siku hiyo ilishuka ngazi mpaka saluni. Mimi sikuinusa. Nilikuwa nasikiliza viatu vya dada.

Alifika na mfuko wake wa miraba umekunjwa kwapani.

"Niaje, msafiri? Bado uko?" Sheng yake ni ya zamani, ya siku zetu za kucheza mchezo wa kati pale chini, lakini huivaa kila akikanyaga Huruma.

"Niko, dada. Karibu."

"Nimeshakaribia. Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa mezani tayari, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alimsalimu dada, akauona mfuko. Nikapakua. Tukanawa. Mama akaomba, sala ndefu yenye majina ya wafu na wagonjwa, kisha akatazama sahani yake. Alisukuma kipande cha samaki kwa kidole mpaka upande mwingine, kana kwamba chini yake kuna kitu.

"Samaki yuko wapi?"

"Ndiye huyo, mama."

"Huu ni mnofu. Nimeuliza samaki."

"Nimetoa miiba yote. Kula bila wasiwasi."

"Kichwa kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipomwona tena yule mama wa Gikomba na kisu chake hewani.

Nyumbani kwetu samaki, hata mgongo wazi, alikuja mezani na kichwa chake, na kichwa kilikuwa cha mwenye nyumba. Baba alikipokea kila Jumamosi, akatugawia vipande vya shavu kadiri alivyopenda. Tulipomzika, samaki wa kwanza aliyepikwa katika nyumba hii alipikwa na shangazi, naye alikichukua kichwa akakiweka kwenye sahani ya mama, watu wote wakitazama. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekigusa isipokuwa yeye. Nimezunguka miaka mingi nikila samaki wa watu, vipande vilivyokatwa jikoni, na jambo hilo lilinitoka kichwani kabisa. Tena siku ile kati ya siku zote.

Mama alisukuma sahani, akanawa mkono uliokuwa bado safi.

"Nimeelewa," alisema. "Kumbe mmeshakubaliana ninyi wawili. Mpe mwenzako ale. Mimi naenda kupanga nguo."

"Mama, sivyo."

Alikuwa ameshaingia chumbani. Tukasikia kabati likifunguka.

Dada alinigeukia, macho makubwa. Alikuja kumchukua mama, na mimi nilikuwa nimemsaidia kuliko alivyotumaini, lakini hakuonekana kushukuru. "Umemkatia mama kichwa?" alinong'ona. "Hata mimi nisingethubutu."

Nilitoka mbio. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, sufuria inatokota kwenye meko, na yeye amesimama kando akiwa na kijiko, uso umekunjamana.

"Nataka kuonja, moyo unakataa," alisema.

"Nirudishie vichwa."

"Jirani! Siku hizi mnatoa zawadi na kamba?"

"Mama anafunga nguo. Anaondoka."

Hakuuliza zaidi. Alizima gesi, akaishika sufuria kwa pindo za leso, akanipita mlangoni. Nilimfuata nikiwa mikono mitupu mpaka chumbani kwa mama, ambako magauni yalikuwa yametandazwa kitandani.

"Mama," jirani alisema, "nimekuletea vichwa vyako. Vilipotea njia vikaja kwangu."

Mama aliinama juu ya sufuria, akanusa.

"Umezidisha tangawizi."

"Ni huyu kijana wako alivyonifundisha."

"Huyo," mama alisema. Akalaza gauni alilokuwa ameshika, akarudi mezani.

Alichagua kichwa kikubwa kuliko vyote. Alikifungua kwa vidole gumba, taya upande huu, fuvu upande ule, na nikasikia kile kitu kikilia kah. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, mikono tayari kama golikipa.

"Keti. Unanizibia mwanga."

"Mama, mifupa..."

"Mifupa ya kichwa ni mikubwa. Unaiona, unaitoa. Ule mwiba ulionikaba ulitoka ubavuni, na ulinikaba kwa sababu wewe ulikuwa unaniongelesha. Ulikuwa unasimulia Lodwar."

Dada alicheka, akajizuia, akashindwa. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya upepo na lori lililozama mchangani, na nilikuwa nimemuuliza swali, akataka kunijibu.

Mama alikula, akipanga mifupa kwenye ukingo wa sahani, mkubwa kando ya mkubwa. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka. Kila tonge lilipopita nilipumua, na kabla sijamaliza kupumua tonge jingine lilikuwa njiani. Kisha akakohoa.

Dada na mimi tulisimama pamoja, viti vikaanguka. Jirani alikuwa ameshatwaa mwiko, sijui wa kufanyia nini.

"Ni tangawizi," mama alisema, akifuta macho. "Kaeni chini, mnaniaibisha mbele ya jirani."

Alichomoa nyama ya shavu, ile nyeupe laini ambayo baba alitugawia tulipokuwa watiifu, akaiweka kwenye sahani ya dada.

"Kula. Kwangu mgeni hashindi njaa."

Dada aliitazama ile nyama. Nadhani alielewa kama nilivyoelewa mimi: akiimeza, amekubali kwamba yuko nyumbani kwa mtu. Nje mtu alikuwa akipiga kelele za kuuza maji. Dada akaichukua kwa vidole viwili, akala. Baadaye alikula na samaki wa nazi, akasema ni chakula cha mgonjwa lakini si kibaya, na mama naye akachovya ugali kwenye mchuzi wake, mara moja, kisha mara nyingine.

Tulipokuwa tunaosha vyombo koridoni, dada alisema bila kunitazama, "Haendi."

"Haendi," nikasema.

"Na wewe? Mfuko wako uko wapi?"

Nilijua anauliza upi. Aliingia chumbani kwangu, akapiga goti, akauvuta kutoka chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na mashati mawili na sweta ambavyo sijavitoa tangu nirudi. Nimelala hivyo kila mahali nilipoishi, na vitu vichache vikiwa tayari. Alivimwaga kitandani. Akaukunja mfuko wake wa miraba, akautia ndani ya wangu, akafunga zipu.

"Huu naenda nao. Siku ukitaka kusafiri, uje uuchukue kwangu, na uniambie umemwacha nani akipika."

Nilicheka, ila yeye hakucheka.

Kesho yake asubuhi alishuka nao ngazi, mfuko wangu begani mwake, ukimpiga nyongani kila akikata kona. Nilibaki nimeshika chuma cha korido. Vidole vyangu havikujua pa kukaa. Nilikuwa nahesabu kichwani kilichobaki jikoni, nikijiuliza kama yule mama wa Gikomba atanitazama tena usoni nikimwambia safari hii asikate, awaache wazima na kila kilicho chao.

Nyuma yangu, ndani, mama akakohoa.

Niligeuka, nikasimama mlangoni, nikisikiliza kama atakohoa mara ya pili.