Ndama Mwenye Kofia ya Babu

Juzi mjukuu wangu, yule anayeshika namba moja darasani, alikuwa anapaka rangi kadi ya kumpelekea mwenzake aliyelazwa hospitalini kwa saratani. Hasira yangu ya zamani ikaamka.

Kaka yangu Masanja alilazwa tukiwa wadogo. Sikujua kuandika, kwa hiyo nilimchorea ndama wake kwa mkaa, kwenye karatasi ya sukari, nikamvalisha kofia ya babu. Nilicheka peke yangu, nikampa mjomba apeleke.

Mjomba alirudi mchana, koti likinuka dawa za wodini, na karatasi yangu bado imekunjwa mfukoni. Nikadhani Masanja ameikataa. Nikanuna, nisimtumie tena hata salamu. Masanja hakurudi akiwa hai.

Nilikuja kumuuliza mjomba habari za ile karatasi nikiwa tayari mama wa watoto watatu.

"We mayu, mama yangu, mgonjwa mahututi nimpelekee vichekesho? Watu wangesema namfanyia mzaha!"

Mzaha! Mtoto alikufa akidhani dada yake amemsahau, kisa mtu mzima aliogopa macho ya watu.

Mjukuu akaniuliza, "Bibi, tumpe mwalimu aipeleke?"

"Thubutu! Naipeleka mwenyewe, na sitoki pale mpaka aifungue."