Mama Alipotuhesabu

Mtu akisahau mwiko alioutii maisha yake yote, je, amefunguliwa au amepotea? Nimelibeba swali hili tangu nilipompeleka mama kupimwa kumbukumbu mjini Embu, na jibu sijalipata.

Tulikwenda kwa sababu alikuwa ameanza kusahau sufuria motoni, naye huishi peke yake huko Kanja. Muuguzi, msichana mpole asiye wa kwetu, alimtaka achore saa. Mama, ambaye hakupata kushika kalamu shuleni, alichora kitu mfano wa chapati, akairudisha karatasi. Kisha likaja swali lililoonekana jepesi.

"Shosho, una watoto wangapi?"

"Ni wale Mungu alinipa."

"Sawa, lakini ni wangapi?"

"Kwani unataka kuwanunua?"

Muuguzi alicheka, akaandika kwamba hakujibu, akatushauri turudi kesho yake tumwone daktari. Nilikasirika kimya kimya. Kwetu mtoto hahesabiwi. Kumhesabu ni kumwitia mauti. Mama ni mtu wa kanisa tangu ujana wake, lakini hilo hakuliacha kamwe. Zamani, mbuzi wakirudi jioni, alisimama langoni akiwatambua kwa rangi tu, na aliyekosekana alimjua papo hapo. Nasi vivyo hivyo. Akipakua githeri ya mahindi na maharagwe, aliyapitisha macho kwenye nyuso zetu kuzunguka meko, na kama mmoja wetu hayupo, upawa ulisimama hewani. Moshi, harufu ya mahindi, na kituo kile kifupi cha mkono wake: sijawahi tena kujihisi nimekumbukwa kiasi kile.

Basi tukiwa njiani kurudi nyumbani niliazimia kwamba kwa daktari hatuendi. Kipimo kisichomjua mtu kitampimaje? Ningewaambia ndugu zangu kwamba mama ni mzima.

Jioni tuliketi jikoni tukiambua maharagwe. Alikuwa mchangamfu, akisimulia mvua za miaka ya nyuma. Mara akaweka ungo chini, akainua mkono, akaanza kukunja vidole: mmoja, wawili, watatu. Alituhesabu kwa Kiembu, kwa sauti ya wazi, kuanzia kifungua mimba hadi kwangu mimi, kitinda mimba.

"Mama, unatuhesabu?"

"Si ni watoto wangu? Ama nikamwulize jirani mko wangapi?"

Akacheka, akaendelea na maharagwe yake. Hesabu ilikuwa sahihi. Kliniki ingempa alama zote. Mimi nilibaki na ganda tupu mkononi, nikijua kwamba kuna kitu ndani yake kimeanza kuondoka, tena kitu ambacho karatasi ya muuguzi haikukiuliza.

Asubuhi nilimsaidia kuvaa sweta yake ya kanisani, tukateremka Embu. Nilimwomba daktari aweke kalamu kando na aniruhusu nimtafsirie mama maswali kwa Kiembu. Kisha, kabla hajauliza la kwanza, nikamweleza alichokifanya mama jikoni, na kwa nini kilinitisha.