Mjomba alivyopotea siku nne kwenye terminal yangu

Wakuu, hodi humu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Niko Kindu, Maniema. Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe, chumvi nimeiacha jikoni.

Mama yangu ana kaka mmoja tu, Mjomba Amisi, yuko Tunda. Wakati wa vita treni zilisimama, habari zikawa zinapita kwenye fonie, ile redio ya kuongea. Mjomba ndiye alikuwa opereta kule. Mama alipanga foleni huku Kindu, akisikia sauti ya kaka yake anarudi nyumbani kupika kwa raha.

Kuna wakati betri ya Mjomba ilikufa wiki mbili. Mama akafunga kitambaa cha msiba. Tangu hapo Mama hakiwezi kimya cha kaka yake.

Siku hizi simu za Tunda zinakatika ovyo, ila kituo cha afya kina intaneti nyembamba. Nikajiongeza: twtxt!

Yaani kila mtu ana faili lake la maandishi mtandaoni. Mstari mmoja ujumbe mmoja, tarehe na saa mbele. Kisomaji chako cha command line (lile dirisha la kuandika amri, ndiyo terminal) kinakusanya mafaili ya unaowafuata, kinapanga, jipya juu. Hakuna kampuni katikati.

(Msiniulize kwa nini si WhatsApp. Video moja ya harusi inaziba Tunda nzima.)

Nikampelekea Mjomba laptop kuukuu. Mzee alifurahi, utadhani amerudishiwa fonie yake. Programu ya kuandikia akaikataa. Ataandika faili kwa mkono wake, na saa ataweka mwenyewe, maana opereta hafundishwi saa.

Nikarudi Kindu, nikainstall kisomaji, nikamfuata Mjomba pamoja na mafundi hamsini wa Linux wa huko Ulaya, watu wa porojo hao balaa.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Naandika, hajibu. Simu haishiki.

Siku ya nne Mama akaacha kula. Wakuu, niliogopa kweli. Nilijiona nimemrudishia mama yangu vita ndani ya nyumba.

Asubuhi yake nikalivuta faili la Mjomba lenyewe kwa curl, amri ya kuchota faili moja kwa moja bila kisomaji. Kumbe limejaa mistari kumi na moja! Nikamsomea Mama mmoja: "Saa tatu asubuhi. Nimetoka kula chakula ya muchana, sombe na samaki."

Mama akacheka mpaka akashika mlango.

"Saa tatu? Kaka yangu hakulaka muchana mbele ya saa tisa!"

Nikatazama tena: 09:00. Mzee ameandika saa tisa yetu! Mashine inamsogeza nyuma saa sita, wale wa porojo wanamfunika, na kisomaji changu kinaonyesha mistari ishirini ya juu tu.

Nikasema nitamwelekeza aandike saa vizuri.

"Umuache," Mama akanijibu. "Mashini yako njo iko na makosa."

Basi nikamtengea Mjomba amri ya kumsoma yeye peke yake, asichanganywe na mtu.

Kisha nikarudi kwenye mstari wake wa kwanza kabisa, wa siku ileile niliyoondoka Tunda: "Dada, betri iko muzuri. Usifunge kitambaa."

Mama akafuta macho, akaomba chai na mkate.

Nilichojifunza: kabla hujamlilia mtu, fungua faili lake.

Na wewe saa zimewahi kukuchezea? Andika hapo chini, Mama amekaa pembeni yangu anasubiri nimsomee.