Mabomba Manne ya Isansa

Nakumbuka siku moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, nilisimama shambani kwa shangazi yangu kule Isansa na ndoo tupu mkononi, nikijiuliza kama diploma yangu ilikuwa ya kweli.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kitwe, Zambia. Niliondoka Isansa na viatu vya kuazima, nikajisomesha mwenyewe huku nikifanya kazi karakanani, nikarudi na diploma ya ufundi wa mabomba. Niliitaja mara kumi kwa siku. Hata leo naitaja, maana hakuna aliyenishika mkono kuipata.

Shangazi, mjane, alikuwa na mashine mpya ya kumenyea kahawa kwa maji. Akaniomba nimletee maji kutoka chemchemi ya mlimani. Baba mkubwa Simkoko, msimamizi wa mfereji wetu, aliniambia, "Tafuta bomba moja la inchi mbili." Mjini Tunduma, mpakani, nikakuta ya inchi moja tu. Nikapiga hesabu: mdomo mmoja wa inchi mbili ni sawa na midomo minne ya inchi moja. Hesabu hiyo ni sahihi, kaikague. Nikatandaza mabomba manne sambamba, nikawaambia watu wachume.

Wakachuma tangu alfajiri. Adhuhuri nikafungua maji. Yakaja yakichechemea, mashine ikasakamwa na maganda. Nilipanda na kushuka mlima mara tatu. Hakuna palipovuja. Juu, chemchemi ilikuwa inafurika pembeni, kana kwamba maji yamekataa kuingia. Kahawa mbivu isipomenywa siku ileile huchacha, na ile ilikuwa jasho la shangazi la mwaka mzima.

"Injinia," shangazi akaniita, "hayo maji umeyaacha forodhani Tunduma?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Baba mkubwa akachota maganda ya kahawa, akanipeleka kwenye mfereji, akayamwaga. Ya katikati yakakimbia. Ya ukingoni yakabaki yakijizungusha.

"Yale yanamngoja nani?"

"Yamekwama, baba."

"Hayajakwama. Ukingo umeyashika, nayo yanawashika jirani zao. Mimi nilikwambia bomba moja pana. Wewe umeongeza kingo."

Nilikaa chini. Darasani nilikuwa nimelisoma tabaka hilo la maji yanayoshikwa na ukuta, nikalijibu kwenye mtihani, nikalisahau. Maji yanayogusa ukuta wa bomba husimama. Yanayofuata hucheleweshwa na hayo, na yanayofuata tena vilevile. Penye mdomo wa bomba tabaka hilo la uvivu ni jembamba; kadiri maji yanavyosafiri ndivyo linavyonenepa, mpaka matabaka ya pande zote yakutane katikati. Katika bomba jembamba hukutana mapema, na maji yote hupungua mwendo. Midomo yangu minne ililingana na ule mmoja, lakini kuta zake zilikuwa mara mbili. Nikukirie jambo, mwanangu: kwa nini tone lisimame hata kwenye ukuta laini kama kioo, mpaka leo sijaelewa sawasawa.

Tulibeba maji kwa ndoo kutoka mferejini hadi jua likazama. Magunia mengi yaliokoka. Mawili yalichacha. Shangazi aliyaanika mbali na mengine, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha mchana. Msimu uliofuata nilileta bomba la inchi mbili, nikafukua mtaro wa yale mabomba manne peke yangu.

Basi shika haya. Hesabu yaweza kuwa sahihi na kazi ikaharibika, kwa kuwa uliyahesabu yanayoonekana mdomoni ukasahau kilichoko ukutani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nilivunjika nikiwa na cheti mkononi. Ukichanganyikiwa, usipande mlima mara tatu kuficha aibu. Muulize aliyekaa na maji, kabla kahawa ya mwenzako haijachacha.

Mungu akupe njia pana, mwanangu, na ulichotumwa kukileta kifike kikiwa na nguvu.