Kijiti na Pimamaji ya Baba

Ukimwona leo anavyotembea kifua mbele, huwezi kuamini kwamba shuleni walimwita Kijiti. Jina lilimkaa barabara. Shingo nyembamba, mikono kama mipini ya mwiko, na upepo ukivuma kidogo tu wenzake walimshika sketi, eti asije akapeperuka. Alicheka nao. Kilichomuuma kilikuwa nyumbani.

Nyumbani alikuwapo bibi yake, mama mzazi wa baba. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akatibiwa, mfupa ukaunga, lakini miguu ikawa imesahau kazi. Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kulitaka mtu mwenye nguvu, na mtu huyo alikuwa mmoja tu: baba, fundi mwashi, aliyeondoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mama alishona nguo hapohapo sebuleni, ila mgongo wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Kwa hiyo bibi, mwanamke aliyezoea kukaa mlangoni akichambua habari za mtaa mzima, alishinda chali akihesabu mabati.

Ndipo akaja baba mkubwa, kaka yake baba, mtu wa kukata maneno.

"Mama yangu hawezi kushinda kitandani kama godoro," alisema. "Shule zikifungwa nakuja kumchukua. Kwangu kuna vijana wa kumnyanyua."

Kwake kulikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Mwanawe alipotoka tu, bibi aligeukia ukutani akalia kimyakimya. Kijiti alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai, na alihisi moyo unachanika. Tangu aache ziwa la mama alilala chumba kimoja na bibi huyu.

Basi mtoto akajifunga kibwebwe apate nguvu za kumnyanyua bibi mwenyewe. Na kumbuka, huyu ni mtoto wa fundi. Aliokota makopo mawili ya rangi nyuma ya nyumba, akatafuta bomba la chuma la kuyaunganisha, kama chuma cha wanyanyua uzito, akakoroga zege. Kopo la kwanza likajaa kokoto na saruji mpaka mdomoni. Kokoto zikamwishia. La pili akalishindilia vipande vya mbao, juu akalipaka saruji na kulisawazisha kama sakafu ya sebule. Kwa macho, mapacha! Yalipokauka akainama, akavuta kwa pupa. Upande wa mbao ukaruka, upande wa zege ukagoma, na kiuno chake kikasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ukelele aliopiga ulimtoa mama kwenye cherehani.

Zahanati walisema ni msuli umevutika. Apumzike mpaka maumivu yaishe kabisa, na asishike tena uzito bila mtu anayejua kumsimamia. Mtu huyo alikuwa mwalimu wa michezo wa shuleni kwao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha darasa zima la wasinziaji.

"Baba yako akijenga nyumba huanza na paa?" alimuuliza Kijiti alipopona.

"Hapana, mwalimu."

"Sasa wewe zege la nini?"

Akamkabidhi mpini wa ufagio. Mpini wa ufagio! Kijiti alitamani ardhi ipasuke. Aliuweka mabegani, akachuchumaa kama anayetafuta kigoda nyuma yake, akainuka, akarudia, huku wasichana wengine wakicheka hadi machozi. Nyayo zote chini, mwalimu alifoka. Magoti yafuate vidole. Mgongo usikunjike, na pumua, binti, hakuna anayekudai pumzi! Siku ya kupumzika alimkataza hata kuchungulia uwanjani. Alimtaka ale ashibe, alale mapema, na kitu kikimuuma aache palepale na kusema.

Jioni Kijiti alimwonyesha baba mazoezi hayo. Baba alikwenda kwenye mfuko wake wa kazi, akatoa pimamaji, ile yenye kipovu ndani ya kioo anayoitumia kujua kama tofali limelala sawa, akailaza juu ya ule mpini.

"Kipovu kimekimbilia kushoto," alisema. "Unakwepa upande ulioumia."

Kijiti akajirekebisha. Kipovu kikarudi polepole katikati. Tangu hapo baba akirudi kazini, vumbi bado kichwani, pimamaji ilitoka kabla ya sahani ya chakula. Bibi alikuwa akiwatazama kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Na mimi je?" alifoka siku moja. "Mbona mnaninyima darasa?"

Na kweli, daktari alikuwa amesema zamani miguu ile ipewe kazi, ila nani alikumbuka? Bibi akaanza kukaza mapaja, kuinua visigino, kusukuma godoro kwa viganja. Alihesabu kwa sauti na aliiba hesabu bila haya, akitoka tatu anatua sita.

Mwalimu aliongeza uzito kidogo kidogo, mfuko wa mchanga ulioongezwa kiganja kimoja kisha kingine. Kijiti aliona anacheleweshwa. Mwishowe uvumilivu ukamwisha, akamwaga yote: shule zinafungwa, baba mkubwa anakuja, bibi anachukuliwa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe!" alisema. "Lakini bibi yako si gunia. Hanyanyuliwi. Anasaidiwa kusimama."

Akaja nyumbani mwenyewe kuwafundisha wote wawili, bibi na mjukuu. Mama akawashonea mkanda mpana wa turubai wenye vishikio, wa kumfunga bibi kiunoni.

Shule zikafungwa. Baba mkubwa akafika asubuhi baada ya kusafiri usiku kucha, begi la bibi limeshatolewa hadi sebuleni, na baba hakwenda kazini siku hiyo.

"Nimchukue mwenyewe," alisema baba mkubwa. Aliinama miguu imenyooka kama vijiti, akampitishia mama yake mikono makwapani, akavuta. Kiuno kikalia ko! Akabaki hivyohivyo amejikunja, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Samahani, baba mkubwa," alisema Kijiti. "Naomba unipishe."

Alimkalisha bibi ukingoni mwa kitanda, nyayo zikagusa sakafu. Akafunga mkanda, akasogea karibu, goti kwa goti, akashusha makalio, mgongo umenyooka.

"Tayari, bibi?"

"Siku nyingi."

"Moja, mbili..."

"Tatu!" alidakia bibi, na kwa mara ya kwanza hakuiba.

Bibi akasukuma godoro, mjukuu akainuka kwa mapaja, na yule aliyekuwa akishinda chali akihesabu mabati akasimama. Wallahi alisimama! Kijiti alihisi uzito umegawanyika, nusu kwake, nusu kwa bibi, na furaha ikampanda hadi akatamani kupiga kelele.

"Kipovu katikati," alinong'ona baba, ingawa pimamaji ilikuwa bado mfukoni.

"Ngoja kwanza, nisikae," alisema bibi. Alitazama dirishani juu ya bega la mjukuu wake, akaona mtaa, akaona jirani anaanika nguo, akamwita kwa jina la utani la zamani. Jirani alidondosha shuka. Mama alipiga vigelegele hadi uzi ukakatika kwenye cherehani.

Kisha wakageuka taratibu, hatua ndogondogo, bibi akaketi kwenye kiti cha magurudumu kama malkia. Alivuta pumzi, akapanga kanga yake, akamtazama mwanawe aliyekuwa bado ameshika kiuno.

"Wewe," alisema, akinyoosha kidole kwenye begi kule sebuleni. "Lirudishe chumbani kwetu. Na ukiinama, kunja magoti."