Babu kwa Babu

Huku Mara, kila mtu aliyekufa zamani alipigana na Mjerumani. Waulize wajukuu. Babu huyu alirusha mkuki, yule alikata kamba za hema, na mwingine alimkazia kamanda macho tu, kamanda akashikwa na homa. Ukiwasikiliza wote, utashangaa huyo Mjerumani alimtawala nani.

Kudura, fundi wa mabango wa Mukendo mjini Musoma, alishangaa hivyo miaka mingi akiwa juu ya ngazi, akiandika maneno ya maduka ya wenzake. Mwishowe akachora kitabu cha katuni, historia ya mababu waliokimbia. Nakala ya kwanza ilipokaa kibandani kwake, watu waliacha shughuli. Wanafunzi walikuja kwa ajili ya picha. Walimu wakaja kuwafukuza, wakabaki. Wazee wasiojua kusoma walisomewa, wakasema, "Hebu rudia hapo."

Ukurasa uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mzee mmoja wa Butiama. Askari walikuja kukamata wapagazi. Yeye akajilaza katikati ya wanawake, kajifunika ngozi hadi puani, akalia uchungu wa kuzaa. Askari wakarudi nyuma kwa adabu. Mmoja alimwombea hata mtoto wa kiume.

Kudura alitaka kitabu kiuzwe kwenye sherehe ya utamaduni huko Butiama. Shida ni kwamba mwenyekiti wa kamati ya sherehe alikuwa Machage, ofisa elimu mstaafu, na yule mzazi alikuwa babu yake.

"Ukurasa huu utoke," alisema Machage, kamati ilipokutana nyumbani kwake. "Babu alikuwaga shujaa. Mpe mkuki."

"Mzee wangu, mikuki imejaa Mara nzima. Ukurasa huu ukitoka, nani atanunua?"

"Basi kisiuzwe. Na huo uongo alikupa nani?"

"Mimi," alijibu Bhoke, dada mkubwa wa Machage, akitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mjukuu amekatazwa kumcheka babu yake? Yeye mwenyewe alikuwaga anatusimulia. Tukimwuliza mtoto yuko wapi, anasema alikataa kutoka."

Kamati iliinamisha vichwa, mabega yakitikisika.

"Wewe ni mjukuu," alisema Machage. "Huyu fundi ni mtani wetu tangu lini?"

Bhoke aliona neno ni la haki. Akavuta kitabu, akalamba kidole, akafunua kurasa hadi akakutana na mwanamume mrefu, kanzu nyeupe, kidevu juu, jua likimwakia nyuma ya kofia.

"Na huyu malaika ni nani?"

Kudura alikohoa. "Babu yangu. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, Bunda."

"Mbona yeye hachekeshi? Babu za watu wanazaa, wako anang'aa! Utani ni kupeana, mwanangu. Lete wa kwako, ndipo uchukue wetu."

"Hapo sawa," alidaka Machage. "Babu kwa babu. La sivyo, rudi na kitabu chako Musoma."

Kudura aliijua vizuri habari ya kweli ya babu yake. Mama yake, Sabiha, alimwapisha asiitoe nje ya nyumba. Aliutazama ukurasa wa mzazi, akamtazama malaika. Kisha akatoa kalamu, akageuza karatasi, akachora palepale.

Babu huyo aliposikia askari wanakuja, alizika majora yake ya nguo kwa siri kubwa, hata yeye mwenyewe asijue ni wapi. Alichimba msimu mzima. Majirani walimtia moyo, "Bado kidogo, jaribu na kule," wakimwelekeza kwenye mashamba yao, na nyuma yake wakapanda viazi.

Machage alicheka hadi akashika nguzo ya baraza. "Kiuzwe! Kiuzwe hata kesho! Huu ndio nitakaoanza kuwasomea wajukuu wangu. Lakini fundi, ongeza mashimo hapa upande wa kushoto."

Kudura hakucheka.

"Mzee, hayakuwa mengi kiasi hicho," alisema. "Na babu yangu alikuwa mchimbaji hodari."